Maswali na Majibu: Gari la Spoti la Zamani, kutoka Picha za Muuzaji hadi Barabarani

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: kununua gari la spoti la zamani lililo ng'ambo, kulileta, na kulifufua. Tumechagua sita. Majina ya waandishi tumeyafupisha kama walivyoomba.

SWALI: Wahariri, salamu nyingi. Nimeona Datsun 240Z, gari la spoti la Kijapani, ya mwaka 1972 inauzwa Marekani. Picha zinang'aa, rangi ni mpya kabisa, na kuna video ya dakika moja injini ikiwaka mara moja tu inapopigwa stata. Muuzaji anasema ina kutu "kidogo, ya kawaida". Siwezi kusafiri kwenda kuiona. Niulize nini kabla sijatuma pesa? – *Mpenzi wa Z*

JIBU: Ndugu yetu, tulipofika kwenye "rangi mpya kabisa" tulisimama. Gari la umri huo lenye rangi iliyochakaa linajieleza lenyewe, kwa kuwa vimbe, michubuko na kutu vyote vinaonekana. Lililopakwa juzi kwa ajili ya kuuzwa limefunikwa, na kilichofunikwa utakilipia wewe.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu unachonunua. Injini ya 240Z, yaani L24 yenye silinda sita za mstari na ujazo wa sentimita 2,393, ni ngumu na inatengenezeka. Bloku yake ni ya chuma, na spea zake bado zinapatikana. Hata ikiwa imekufa, ovaholi ina mwanzo na mwisho unaojulikana. Bodi ni habari nyingine. Gari hili halina chesisi ya kujitegemea ambayo bodi imewekwa juu yake. Sakafu, vizingiti vya milango, reli za chini na ukuta wa injini (ule unaoitenganisha injini na abiria) vimechomelewa pamoja, na ndivyo vinavyobeba mzigo wote. Kutu ikiingia humo, kila bati unalokata linafichua jingine bovu. Kwa hiyo nunua bati zima na makaratasi safi, halafu injini uihesabu kama nyongeza.

Kutu ya gari hili ina maskani yake, nayo yanajulikana. Anza na kitako cha betri, kwenye kona ya injini upande wa kulia karibu na ukuta. Asidi hula rangi, kisha bati, kisha hushuka hadi kwenye reli iliyo chini yake. Omba picha betri ikiwa imeondolewa. Reli mbili zinazopita chini ya sakafu ni nyembamba, na mara nyingi zimepondwa na jeki, halafu maji yakatuama ndani. Pale chini ya kioo cha mbele hewa inapoingilia, majani huziba mashimo ya kutolea maji. Maji hukosa njia, yakamwagikia nyuma ya madigadi ya mbele, ndiyo maana sehemu ya chini ya madigadi na mwanzo wa kizingiti huoza kutokea ndani. Kule nyuma, mpira wa mlango wa buti na gasketi za taa zikichoka, maji hukusanyika kwenye shimo la tairi la akiba. Inua zulia lote. Usisahau kipande kidogo cha bodi kati ya mlango na tairi la nyuma, kwani hapo ndipo fila (lipu ya kuzibia bati bovu) hupendwa kuliko mahali pengine popote.

Muuzaji anayesema kweli hatakasirika ukimwomba picha hizi: gari likiwa juu ya stendi, likipigwa kutoka chini mbele hadi nyuma, sakafu bila mazulia, shimo la tairi la akiba likiwa tupu, ukuta wa injini, na mianya ya milango yote kwa karibu. Halafu mwombe video ndefu. Aanze kwa kuweka kiganja juu ya kava ya valvu ili uone kuwa injini ni ya baridi, kwa sababu injini iliyopashwa moto kabla ya kurekodi huficha mengi. Moshi wa bluu unaotoka wakati wa kuwasha tu kisha ukaisha ni mihuri ya valvu, kazi ndogo. Moshi wa bluu unaoongezeka ukikanyaga mafuta ni ringi za pistoni. Mvuke mweupe usiokoma hata injini ikipata moto, wenye harufu tamutamu ya dawa ya radieta, ni gasketi ya hedi (kichwa cha injini chenye valvu) au hedi yenyewe.

Bora zaidi, mlipe mkaguzi wa kujitegemea aliye karibu na gari. Gharama yake ni ndogo sana ukiilinganisha na kosa. Mwambie aje na sumaku laini iliyofungwa kitambaa na kipima unene wa rangi. Rangi ya kiwandani huwa kati ya mikroni 100 na 150 hivi. Ikifika 300 gari limepakwa tena, jambo ambalo si dhambi. Ikipita 1,000, hapo unanunua fila. Apime pia mgandamizo wa silinda zote sita: injini ikiwa na moto, plagi zote zimetolewa, mafuta yamekanyagwa hadi mwisho. Kinachokuhusu zaidi ya ukubwa wa namba ni kulingana kwake. Silinda yenye namba ndogo kabisa na yenye namba kubwa kabisa zikiachana kwa zaidi ya asilimia 10 hadi 15, kuna valvu isiyofunga, ringi iliyokwama au gasketi iliyochomeka. Aingize oili ya injini kijiko kimoja kwenye silinda dhaifu na apime tena. Namba ikipanda, kasoro ni ringi. Ikibaki palepale, tazama valvu au gasketi.

Mahali gari lilipoishi pana uzito mkubwa. La majimbo ya jangwani kama Arizona na Nevada huwa na bati zuri, lakini dashibodi imepasuka, mipira imekauka na viti vimeungua jua. La majimbo ya theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi, huwa kinyume chake. Chagua la jangwani. Dashibodi inabadilishwa na mipira inanunuliwa.

Neno la mwisho kwako. Aina hii ilitengenezwa kuanzia mwishoni mwa 1969 hadi 1973, ikafuatwa na 260Z, kisha 280Z yenye ujazo wa sentimita 2,753 na mafuta ya kupulizwa badala ya kabureta. Magari mengi ya 240Z yamewekewa injini ya L28 kutoka 280Z. Linatembea vizuri, pengine kuliko lilivyozaliwa, ila halipaswi kuuzwa kwa bei ya gari lenye injini yake halisi. Linganisha namba ya injini iliyogongwa kwenye ubavu wa bloku, upande wa plagi kuelekea nyuma, na ile iliyo kwenye kibao cha ndani ya boneti.

SWALI: Gari nililolipata ni zuri, lakini muuzaji ana hati ya mauziano tu. Anasema kadi ya umiliki ilipotea na "si tatizo". Pia sijui kama nilisafirishe kwa kontena au kwa meli ya magari. – *B.*

JIBU: Kwa upande wa kadi, jibu ni fupi: asipate hata senti kabla hajaichukua nakala mpya kwa jina lake. Hati ya mauziano inathibitisha kuwa watu wawili walipatana. Haithibitishi kuwa mmoja wao alikuwa na mali. Ukitoa gari Marekani, forodha yao hudai kadi halisi ya umiliki na huitaka mkononi angalau saa 72 kabla gari halijaondoka, kwa hiyo kinachoitwa "si tatizo" kitakwamia bandarini huku ushuru wa kuhifadhi ukipanda kila siku.

Tahadhari nyingine inayowapita wengi: namba za chesisi zenye tarakimu na herufi 17 zilianza kutumika kwa lazima Marekani mwaka 1981. Magari ya kabla ya hapo yana namba fupi, mathalani HLS30 ikifuatwa na tarakimu kwa 240Z yenye usukani wa kushoto. Ukiiingiza kwenye tovuti za kuchunguza historia ya gari, itakataliwa au itakuletea majibu matupu. Majibu matupu hayana maana kuwa gari ni safi. Linganisha kwa macho: namba iliyogongwa kwenye ukuta wa injini, ya kibao, ya dashibodi na ya kadi. Zote zifanane hadi herufi ya mwisho. Pale iliyogongwa, mwombe muuzaji aweke karatasi juu yake na kusugua kwa penseli. Kama bati limewahi kukatwa na kuchomelewa kuizunguka namba, michirizi ya msasa itajitokeza kwenye karatasi.

Kabla ya hayo yote, uliza forodha ya nchi yako kuhusu umri. Nchi nyingine hukataza gari kuukuu, nyingine huruhusu lililozeeka tu: Marekani yenyewe hulegeza masharti ya usalama gari likitimiza miaka 25, na Canada miaka 15. Kuna pia kifungu namba 9705 cha orodha ya kimataifa ya ushuru, kinachohusu vitu vya mkusanyiko vyenye thamani ya kihistoria, ambacho huweza kukushushia ushuru, ila kila nchi ina vigezo vyake vya kukubali gari humo. Pata jibu kwa maandishi. Tena uliza kuhusu asbesto, maana Australia kwa mfano haipokei gari lenye breki, klachi au gasketi za asbesto, hata liwe zuri namna gani.

Sasa meli. Meli ya magari ni nafuu, lakini gari huendeshwa au kusukumwa kuingia, na lisilowaka hutozwa zaidi au hukataliwa. Tena hairuhusiwi kwa kawaida kujaza spea ndani yake. Kwa gari la kufufua, tunapendelea kontena la futi 20. Ndani lina urefu wa mita 5.9 na upana wa mita 2.35 hivi. Gari la urefu wa mita 4.14 kama 240Z linaingia na kukuachia zaidi ya mita moja na nusu ya kuweka madirisha, viti na injini ya akiba. Spea hizo zifungwe kwenye mbao na kuorodheshwa moja moja kwenye makaratasi, la sivyo forodha itakuuliza ni za nini. Gari lenyewe lifungwe kwa mikanda ya kwenye tairi au ekseli. Likifungwa kwa bodi, chemchemi hucheza safari nzima na mkanda hulegea. Tangi libaki na mafuta kidogo sana, betri ikatwe nyaya. Chukua bima inayolipa hasara za kila aina, si ile inayolipa meli ikizama tu, na piga picha zote siku ya kupakia zikiwa na tarehe. Mwisho kabisa, soma rasimu ya hati ya shehena kabla haijatolewa. Herufi moja iliyokosewa kwenye namba ya chesisi ni wiki kadhaa za kuhangaika.

SWALI: Nimepata gari kwa bei ya kutupa kwa sababu injini imekwama. Muuzaji anasema ikipigwa stata kwa betri kubwa itaachia. Niamini? – *Fundi Chipukizi*

JIBU: Usiipige stata, wala usiisukume gari ikiwa kwenye gia. Ringi zilizoshikana na ukuta wa silinda kwa kutu hazibanduki kwa nguvu ya ghafla. Kinachovunjika ni kingo za pistoni zinazozishikilia, na hapo bei ya kutupa imekwisha.

Hakikisha kwanza ni injini kweli. Weka gia huru, toa mkanda wa feni, fungua stata. Alternata iliyokufa, pampu ya maji iliyoganda au jino la stata lililokwama huonekana kama injini iliyokwama. Kama bado haizunguki, toa plagi zote na uchungulie kwa kamera ndogo ya waya. Mara nyingi utakuta silinda moja au mbili tu zenye kutu, zile ambazo valvu zake zilibaki wazi gari liliposimama, hewa yenye unyevu ikaingia.

Mimina mililita 30 hadi 50 kwa kila silinda za mchanganyiko wa mafuta ya gia boksi ya otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu. Asetoni inashika moto haraka na harufu yake ina madhara, kwa hiyo fanya kazi hii pakiwa na hewa ya kutosha na mbali na cheche. Inapaa pia, basi ongeza kila siku. Subiri siku tatu hadi saba. Halafu weka soketi kwenye bolti ya puli ya krenki (kwa L24 ni ya milimita 27) pamoja na mpini mrefu, na ujaribu kuzungusha mbele kwa uzito wa mwili bila kushtua. Ikisogea hata upana wa ukucha, rudisha nyuma kidogo, ongeza mchanganyiko, mbele tena. Ikigoma, acha siku mbili zaidi. Papara ndiyo inayoua injini hizi.

Ikizunguka, bado hujamaliza. Mchanganyiko umeshuka kwenye sampu, yaani karai la oili chini ya injini, kwa hiyo mwaga oili na ubadili chujio. Kisha vua hedi uone kuta za silinda. Hujasema ni injini gani, ila kwenye L24, ile ya 240Z, kuna mitego miwili inayowaumiza hata mafundi wazoefu. Wa kwanza ni kufungua bolti zote 14 za hedi na kusahau bolti mbili ndogo za mbele, zinazoshika kava ya cheni. Mtu hupiga, huchokonoa, na hatimaye hupasua aluminiamu. Wa pili ni cheni yenyewe. Kabla ya kutoa gia ya kemshafti, ingiza kabari ya mbao katikati ya cheni ili kuibana. Usipofanya hivyo, kikaza cheni kitaruka kutoka mahali pake, na kukirudisha ni lazima uvue kava nzima ya mbele pamoja na puli.

Pitisha ukucha kwenye ukuta wa silinda. Doa linaloonekana lakini ukucha haukwami, litatoka kwa kusugua kwa jiwe la honi. Ukucha ukikwama, silinda ipanuliwe na pistoni kubwa zaidi ziwekwe. Weka rula ya chuma juu ya uso wa hedi: mwanya ukizidi milimita 0.1, ipelekwe kuchongwa. Ukishaifunga, kama ni L24, rekebisha mianya ya valvu injini ikiwa baridi kwa milimita 0.20 za kuingiza na 0.25 za kutolea, kisha urudie ikiwa na moto kwa 0.25 na 0.30.

SWALI: Je, inafaa kuhamisha usukani kutoka kushoto kwenda kulia? – *Y.*

JIBU: Kama sheria yako haikulazimishi, usihamishe. Si usukani tu. Ni dashibodi, pedali, mashine ya usukani, vifuta kioo, mashimo ya ukuta wa injini na nyaya zote. Yanayotengenezwa kwa kubahatisha huacha usukani wenye kiungo kilichochomelewa, na hicho ndicho kifaa cha mwisho unachotaka kikatike. Aina kama 240Z na MGB, gari la spoti la Kiingereza, zilitengenezwa kiwandani kwa pande zote mbili. Tafuta la upande wako, hata kama utasubiri mwaka.

SWALI: Nina MGB isiyo na paa. Fundi alikata vizingiti vyote viwili vilivyooza na kuchomelea vipya. Sasa milango haifungi: inasugua juu, na chini kuna mwanya mkubwa. Anasema turekebishe bawaba. – *Dada H.*

JIBU: Dada yetu, bawaba haina kosa. Gari lako limepinda. MGB isiyo na paa inategemea vizingiti kushika mbele na nyuma, na kila kizingiti ni tabaka tatu: bati la nje, la kati na la ndani. Yalipokatwa ya pande zote mbili kwa pamoja, huku gari likiwa juu ya stendi za miisho, katikati ilishuka. Ikishuka, mwanya wa mlango unabana juu na kufunguka chini, sawasawa na ulivyoeleza. Halafu vizingiti vipya vikachomelewa katika hali hiyohiyo. Kucheza na bawaba kutaficha kasoro kwa muda na kuharibu nguzo ya mlango.

Hakuna njia ya mkato: michomo ya vizingiti ifunguliwe, upande mmoja kwa wakati. Kwanza nguzo ya mbele na ya nyuma ya mlango ziungwe kwa bomba la mraba la milimita 25, lenye ukuta wa milimita 2, na liwe na skurubu ya kurefusha na kufupisha. Bomba jingine lipite kutoka upande hadi upande. Gari libebwe mahali ekseli zinapolibeba likiwa barabarani. Halafu, milango ikiwa imefungwa mahali pake, skurubu izungushwe taratibu huku jeki yenye ubao mpana ikisaidia chini, mpaka mwanya uwe sawa juu na chini, milimita 4 hadi 5. Pimeni mishazari ya shimo la mlango na ya sakafu, kushoto na kulia. Zisipolingana, msichome.

Mchomo uwe wa matone kwanza, mlango ufunguliwe na kufungwa, kisha ndipo wa kudumu. Tobo za milimita 6 hadi 8 kila baada ya milimita 30 hivi zijazwe kwa chomelea ya MIG, kwa kurukaruka huku na huku ili joto lisikusanyike mahali pamoja. Bati la kizingiti liwe la milimita 1.2. La 0.8 ni la madigadi.

Chunguza jambo moja kabla hujamlipa mtu kazi hiyo. Kizingiti halisi cha MGB hupita nyuma ya sehemu ya chini ya madigadi ya mbele na ya nyuma, hivyo kukibadilisha ipasavyo ni lazima madigadi yakatwe chini kisha yarudishwe. Ukiona madigadi hayakuguswa, basi bati jipya limefunikwa juu ya lililooza, nalo litaoza kwa pamoja. Tunasema hivi kwa uzito wote, kwa sababu ajali ya ubavu gari likiwa hivyo haina huruma.

Mashimo ya kutolea maji yaachwe wazi. Nta ya kuzuia kutu ipulizwe ndani ya kizingiti baada ya rangi, kamwe isiwe kabla: joto la kuchomelea huiteketeza na mvuke wake huharibu rangi.

SWALI: Gari limefika, baada ya kusimama miaka zaidi ya kumi. Linawaka. Gereji iko kilomita 40. Naweza kuliendesha taratibu? Pia taa za mbele zikiwaka dakika kumi, swichi inapata moto hadi inanuka. – *M.*

JIBU: Lipakie kwenye gari la kubebea. Maji ya breki hunyonya unyevu. Yale ya DOT 4 yakiwa mapya huchemka si chini ya nyuzi 230, lakini yakishanyonya unyevu, kiwango chake cha kuchemka huweza kushuka hadi 155. Unyevu huohuo umekula ndani ya masta silinda na wili silinda. Mguu wako ukikanyaga kwa nguvu mara ya kwanza, mpira mkavu hupita juu ya kutu na kuchanika, na pedali huzama hadi sakafuni. Badilisha mipira yote ya breki, fungua kila wili silinda, weka maji mapya, toa hewa ukianzia gurudumu la mbali zaidi na masta silinda. Vumbi la viatu vya zamani lilowanishwe kwa maji na kufutwa. Usilipulize kwa kompresa, maana huenda ni asbesto.

Tazama tairi pia. Namba nne za mwisho za alama ya DOT ni wiki na mwaka. Ukikuta tatu tu, tairi ni la kabla ya mwaka 2000. Hata kama kashata zake ni nzima, litoe. Mafuta ya zamani kwenye tangi yamwagwe yote na mipira ya mafuta ibadilishwe kwa ile inayostahimili ethanoli, la sivyo itavimba na kuvuja juu ya bomba la moshi lenye moto. Ukisafisha kabureta za gari la Kijapani, tumia bisibisi ya kiwango cha JIS. Skurubu zake zinafanana na za Phillips, ila bisibisi ya Phillips huruka na kuzilia kichwa. Kwa kabureta mbili za Hitachi za 240Z, anza na nati ya mchanganyiko wa mafuta na hewa ikiwa imeshushwa mizunguko miwili na nusu, kisha usawazishe.

Kuhusu swichi, hujaeleza gari ni aina gani, ila kwa yaliyo mengi ya miaka hiyo, 240Z ikiwemo, umeme wote wa taa za mbele hupita ndani ya swichi ya usukani. Mguso wake ukichakaa, ukinzani huongezeka na joto hupanda hadi plastiki inayeyuka. Weka rilei (swichi zinazoamshwa kwa umeme mdogo) mbili za ampea 30 karibu na radieta, moja ya mwanga wa chini na nyingine ya mwanga wa juu. Vuta waya wa milimita za mraba 2.5 hadi 4 kutoka betri, wenye fyuzi isiyozidi sentimita 20 kutoka kwenye betri yenyewe. Waya wa zamani wa taa sasa utatumika kuamsha rilei tu. Kabla ya kukata chochote, angalia ni ncha ipi ya betri imeungwa kwenye bodi, hasi au chanya. MGB za kabla ya mwishoni mwa 1967 zilifungwa chanya kwenye bodi, na ukiunga alternata au redio ya kisasa bila kulijua hilo, itaungua papo hapo.